Imla

Saa ikichelewa, mimi siigombezi.
Naifungua mgongo, naweka lenzi jichoni,
nazuia pumzi, natafuta:
unywele, vumbi, tone la mafuta lililoganda,
jino moja la gurudumu lililolika.
Miaka ishirini na sita Mtaa wa Sikukuu
sijapata kuiambia saa ya mtu kwamba ni mvivu.

Pazi nilimwambia.
Nilimwambia mbele ya wateja.

Daftari la imla lilirudi nyumbani limelowa wino mwekundu,
Mwalimu Kisinda kaandika pembeni: Hasikilizi. Anazubaa.
Nikasadiki, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri.
Bibi yake akaleta kombe kutoka Mbagala,
zafarani iliyooshwa kwa maji ya waridi;
mtoto akanywa, akasema tamu.
Tukamtia tuisheni ya jioni.
Fimbo nayo ilijaribiwa. Sitasema na nani.

Mwaka wa tatu akaja mwalimu wa mazoezi,
Aichi, binti mwembamba mwenye begi kubwa kumzidi.
Yeye hakusahihisha. Aliyasoma makosa
kama mtu asomaye barua aliyoandikiwa.
Simba, kaandika imba.
Samaki, amaki.
Shoka, oka.
Fisi, ii.
"Baba Pazi, uvivu hauna utaratibu," akaniambia.
"Haya makosa yana utaratibu. Kampimeni."

Muhimbili, foleni, namba arobaini na moja.
Kwanza macho: akashuka na chati
hadi kwenye herufi zilizo kama sisimizi.
Kisha vipande vya mbao, maumbo ya kupanga.
Akavipanga upesi kuliko ambavyo ningevipanga mimi,
mpimaji akacheka kwa furaha,
nami nikaona haya, sijui kwa nini.
Najua kwa nini.

Kisha chumba kidogo chenye kuta za sponji.
Kioo kati yetu. Vipokea sauti vimemmeza kichwa.
Ukisikia mlio, tia kifungo koponi.
Milio minene: kifungo. Kifungo. Kifungo.
Mpimaji akapanda juu,
juu tena, hadi kule ninakofanyia kazi mimi,
kule kwa tik na tik.
Niliona kidole chake kikibonyeza.
Pazi kashika kifungo hewani,
anatutazama kwa adabu,
kama mgeni anayengoja kukaribishwa.
Kopo likanyamaza.

Kwenye karatasi mstari ulikwenda sawa,
halafu ukaporomoka.
"Huku bondeni," mpimaji akasema, "ndiko inakokaa S,
na SH, na F. Masikio yote mawili."
Bei ya vifaa akaiandika nyuma ya kadi.
Nimeikunja, ipo kwenye droo ya springi;
hiyo ni hesabu ya siku nyingine.

Miaka tisa mtoto huyu analelewa dukani,
saa za ukutani pande zote tatu,
nami nikidhani anakulia kwenye kelele.

Jioni ile, kabla sijashusha shata,
alichukua saa ya mezani ya mteja, ile ya funguo,
akaigusisha mdomoni, si sikioni.
Akatulia. Macho yakamtoka.
"Kumbe zinagonga?"
Alidhani ni usemi tu wa watu wazima.

Basi nikataka kumwambia.
Neno likafika ulimini, nikalizuia:
samahani inaanza na herufi ile ile.
Nisamehe, imo katikati.
Nimekukosea, imo.
Nikapekua kiswahili chote nilichonacho
kama droo ya skrubu zilizochanganyika,
wateja wamekwisha kwenda,
taa za Kariakoo zinawaka moja moja.

Mwisho nikachukua kitabu cha risiti,
nikaandika kwa herufi kubwa, polepole.
Pazi akasoma.
Akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza,
akaifuata inavyojipinda,
juu, kushoto, chini,
kisha akaniuliza inasikikaje.