Majina ya Mwisho

Filamu ilinifikia bila baba wala mama,
ndani ya flashi nyekundu iliyopasuka ubavuni.
Sikuuliza. Katuba hatuulizi flashi imelala wapi.
Niliinakili saa nane za usiku, SNEL ilipokumbuka mtaa wetu
na mbwa walikuwa wamechoka.

Kisha nikafanya kazi. Ndiyo, kazi.
Godoro mlangoni lizuie kinu cha unga cha jirani,
blanketi kichwani, kipaza sauti nimekivisha soksi,
na mimi, Mwilambwe, peke yangu,
nikawa polisi, nikawa mjane, nikawa jambazi mwenye kovu,
nikawa hata mtoto anayelilia ndizi.
Jambazi nilimpa Kiswahili cha wachimbaji
wanaotoka shimoni na pesa ya siku moja.
Mjane nilimpa sauti ya shangazi Kapemba
akidai deni la makala.
Pale walipokula kwa vijiti
nikasema ni bukari, na samaki wa Kasenga.
Usiku tisa. Koo likawa jivu.

Mwanzoni nikabandika: "Sauti: Mwilambwe wa Katuba."
Mwishoni nikakata. Yale majina yanayopanda
kama siafu ukutani, dakika sita nzima,
nani ana nafasi ya majina kwenye kadi ya giga nne?

Mwezi haukuisha.
Napita soko la Kenya kutafuta betri,
nikajisikia nikicheka.
Cheko langu, lile la jambazi, linatoka kioski cha bluu
cha mtu anayeitwa Nsenga,
franka mia tano kwa kadi,
na mwanzoni, pale pale pangu: "Sauti: Nsenga."

Umewahi kuona mtu amevaa shati lako,
akakupita njiani, akakusalimu?
Nikaenda komuni. Madame Ngoie, karani,
akaacha karanga zake, akashika kalamu, akaandika vizuri:
wizi, tarehe, mahali.
Kisha akauliza bila ubaya wowote,
kama mtu anayeuliza namba ya nyumba:
"Na ile filme yenyewe, ni ya nani?"

Feni ilizunguka.
Nilifungua mdomo, mimi mwenye sauti kumi na nne,
na hata moja haikunijia.
"Basi," akasema, "hapa tuandike nini?"
Akanisogezea karanga.

Usidhani nilimalizika. Maneno ninayo.
Naweza kusema: sinema ya hapa ilifungwa, ikawa kanisa.
Naweza kusema: kule kwao wanataka kadi ya benki,
na benki haijawahi kuuona uso wangu.
Naweza kusema: Mama Kisimba, mfiwa wa juzi,
alicheka hadi akashika mbavu,
na kicheko kile hakikupunguza unga wa mtu.
Yote nimeyasema, usiku, mbele ya soksi.
Lakini Nsenga naye anayo, neno kwa neno.
Pengine ameyanakili kwangu.

Jana nikairudisha flashi nyekundu kwenye mashine,
nikaacha filamu iende hadi giza, sikukata.
Majina yakaanza kupanda.
Nikavuta blanketi, nikafungua kipaza sauti,
nikayasoma nikijikwaa, kazi zao nikizikisia:
Baek Sun-ok, mshona nguo.
Do Yeong-cheol, mpishi wa wafanyakazi.
Mshika taa. Msaidizi wa mshika taa.
Kumbe hata taa ina msaidizi.

Si malipo. Najua si malipo.
Kodi hailipwi kwa kutaja jina la mwenye nyumba.
Niliendelea tu, ulimi ukiniuma,
nikafika kwa aliyemfunza mbwa,
umeme ukakatika.