Makabidhiano ya Taa, Isimila

Tulishusha maboksi korongoni saa tisa alasiri,
mimi, Lwitiko, na ngazi isiyo na kidato cha tatu.
Baridi ya Julai ilikuwa imeshakaa kivulini
kama mdai aliyefika kabla mwenye nyumba hajaamka.
Taa ishirini na nne zisizoingiza maji,
rimoti moja yenye rangi kumi na sita,
na karatasi ya mkandarasi:
nguzo ziwake, mgeni apige picha, aondoke na raha.

Nguzo zenyewe hazikusema kitu.
Hakuna aliyezijenga. Mvua ilikula kila kilichozizunguka,
ikazisahau,
zikabaki na kofia zao za mawe
kama watu waliosimama kupisha msiba
na msiba bado unapita.

Kikoti, mlinzi wa zamu, alitusalimu: kamwene.
Halafu, bila kungoja jibu:
"Mnamwashia nani?
Usiku huku tunapita mimi na fisi,
na fisi hajawahi kulalamika."
Nikacheka. Nikatoboa.
Drili ililia, udongo ukatiririka,
ikanipanda aibu ile ile ya utotoni
nilipopigilia msumari wa kalenda ukutani kwa bibi,
ukuta ukamegeka hadi kwenye fito.
Tangu hapo taa nilizifunga kwenye vigingi.
Nguzo sikuzigusa tena.

Saa moja na nusu nikabonyeza.
Zambarau!
Korongo likawa ukumbi wa harusi pale Miyomboni:
nguzo hii bibi harusi, ile mshenga,
na ile fupi iliyoinama, mpiga picha anayedai chake.
Nondo wakajaa, mamia, bila kadi ya mwaliko.
Lwitiko akapiga makofi.
Kikoti akavuta blanketi hadi machoni.
Nikajaribu kijani.
Nikajaribu nyekundu: machinjio.
Nikazima.

Giza lililorudi halikuwa lile la mwanzo;
lilikuwa na madoa.
Nikavaa tochi ya kichwani, natafuta bisibisi,
nikainama, mwanga ukalala ubavu,
na mbele ya kiatu changu, jiwe.
Mchana nililiruka mara tano nikijua ni jiwe.
Sasa kila pigo lilikuwa na kivuli chake:
hapa aligonga, hapa akageuza,
hapa akakosea, akatema mate (nadhani),
akaanza upya ukingo wa pili.
Fundi.
Kibao cha juu kinautaja umri wake kwa sifuri nyingi,
lakini pale pa kushikia palikuwa na upana wa kiganja changu.
Sikuligusa. Nilikaa nalo tu,
mafundi wawili kazini,
mmoja hana ankara.

Usiku ule tulizihamisha zote.
Chini ya goti, zimelala, zinatazama pembeni,
mwanga wa rangi ya chai ya Mufindi
iliyochujwa mara mbili.
Nguzo zikarudisha mikunjo yao.
Mkandarasi alikuja jioni ya pili:
"Mbona hafifu?"
"Subiri macho yako," nikamwambia, "yamechelewa njiani."
Alisubiri dakika moja, akatazama saa, akasaini.

Na niseme hili, kwa kuwa hakuna anayeniuliza.
Kebo ya korongo inapita juu ya bati la mama yake Kikoti.
Haitui.
Umeme ulikuwa na haraka, ulikuwa unawahi mawe.
Katika fomu ya makabidhiano niliandika:
ishirini na tatu zinawaka, moja imeungua.

Imeungua kwelikweli.
Kila magharibi, kwa betri kuukuu ya pikipiki,
inaungua pale jikoni, zambarau tupu,
maana rangi nyingine zilibaki kwenye rimoti.
Mama anasonga ugali wa rangi ya bitiruti,
wajukuu wanacheka hadi wanasahau kunawa,
na fisi, nasikia,
amebadili njia.