Sayari Nane na Nusu

Mnajimu wa mtaani kwetu, Bengaluru,
alichora mraba, akaugawa vyumba kumi na viwili,
akagonga kalamu katika chumba cha saba:
"Nyota ya Kannabiran imekaliwa."
Mama akauliza, imekaliwa na nani,
kwa sauti ile anayomuulizia mpangaji asiyelipa.
"Zohali," akajibu mnajimu, akakunja noti zake.

Basi hii ndiyo sikukuu yangu ya uhuru:
siku tatu, mahekalu tisa, gari la kukodi,
bendera ya karatasi ikijipiga makofi kwenye kioo,
dereva Ezhilarasan akitafuna karafuu asisinzie,
na Mama nyuma, miguu juu ya kapu la nazi,
mapajani shati kuukuu la kaka yangu.
Mwenye nyota mwenyewe hakuja.
Ana zamu, alisema.

Hekalu la Jua tulilifikia kabla ya jua.
Kwa Mwezi tulipanga foleni mchana kweupe,
mawe yakituunguza nyayo hata tukawa tunakwenda
kama wacheza ngoma wasiyoijua.
Kwa Zuhura kulijaa wachumba.
Kwa Mirihi ndala ya kushoto ya Mama ilipotea;
ya kulia akaiacha pale pale,
"Aliyeiokota moja aipate na mwenzake,"
akaendelea peku, goti lake bovu likilia kama bawaba.

Nusu ya nchi ilikuwa imewaza kama sisi.
Kila kizingiti kuhani anauliza: jina, ukoo, nyota ya kuzaliwa?
Na Mama anamtaja mwanawe silabi kwa silabi,
kama anayesoma namba ya akaunti kwenye simu.
Kwa Mushtari, kuhani, mbio mbio, akamwita Kannappan.
Mama akamrudisha nyuma. Foleni nzima ikangoja
mpaka jina likae sawa mbele ya mungu.

Kwa Rahu, kivuli kisicho na mwili,
wanaimwagia sanamu maziwa, na watu husema
yakiteleza kifuani hugeuka samawati.
Mimi ni mhasibu. Nilinyoosha shingo.
Mbele yangu alisimama mrefu mmoja, mtoto mabegani,
nilichoona ni kisigino,
na kikuku, na moshi wa kafuri.
"Umeona?" Mama akauliza.
Nikasema ndiyo. Uso wake
ulikuwa umekwisha kuona kwa niaba yangu.

Jumapili, saa saba na dakika kumi,
Thirunallar, kwa Zohali mwenyewe,
mlango umefungwa.
Mungu amepumzika, akasema mlinzi, mpaka saa kumi.
Ezhilarasan akatazama saa. Nami nikatazama saa.
Barabara kuu ingeziba jioni, na Jumatatu
nina hesabu za mwezi za kufunga.
Ningeweza kupiga simu kazini.
Sikupiga.

Mama hakunisuta. Akaketi
kwenye uzi wa kivuli chini ya ukuta,
akafungua jani la mgomba: wali wa mtindi, achari ya ndimu.
Tonge la kwanza akaliweka pembeni.
Kunguru akashuka.
Ndiye kipando cha Zohali, alinifundisha nikiwa mdogo,
nilipokuwa nikiwarushia mawe.
Akadonoa, akageuza kichwa, akamkazia jicho moja,
muda mrefu,
kama karani wa pasipoti, mara picha, mara sura.
"Mimi sikumwona," Mama akasema, akilamba kidole.
"Ila yeye ameniona."

Njia nzima ya kurudi alikoroma,
nyayo zake nyeusi zikichungulia kati ya viti vyetu.
Shati lilikuwa liachwe kwenye birika la hekalu,
lizame na nuksi zake.
Lilirudi nasi, limekunjwa vile vile.

Juzi nimelikuta jikoni kwake,
analishikia sufuria ya moto.
Kannabiran naye aliliona, akaitambua kola,
akauliza.
Mama akamwambia anywe chai kabla haijapoa.