Nzuri, Ila

Sanduku la televisheni, ubavu mmoja nimeukata mlango.
Chini gazeti la jana, juu yake nyasi kavu
za pauni tatu mfuko. Nimemweka bafuni,
mbali na upepo wa Mto Tay unaojipenyeza madirishani,
mbali na macho ya mwenye nyumba,
ambaye mkataba wake, ukurasa wa sita, haupendi wanyama.

Mzee Petrie alimpa jina refu la Kiskoti.
Mimi namwita Karani,
kwa vile anavyokutanisha mikono kifuani
kama anayengoja useme shida yako akaiandike.

Mzee alipoletwa kwetu, kwenye nyumba ya wazee,
walimruhusu redio, slipa, picha ya marehemu mkewe.
Sungura, hapana.
Akanishika mkono wa sare: Mpaka nitakaporudi.
Pale hajapata kurudi mtu. Nikamchukua.

Tangu juzi Karani hagusi majani.
Amejikunyata kwenye kona, macho nusu,
meno yakisagana polepole
kama mtu anayehesabu deni usingizini.
Daktari wa wanyama, kwa simu: Anapata choo?
Hesabu. Vikipungua, vikiwa vidogo, mlete upesi
(na bei akaitaja taratibu, kama anayetoa pole).

Basi mimi, binti Kijazi wa Muheza,
mwenye stashahada ya uhasibu ndani ya bahasha,
nimepiga magoti saa nane usiku na tochi ya simu
nahesabu mavi ya sungura.
Jumatatu: sitini na mbili, manene kama mbaazi.
Jumanne: kumi na tisa, pilipili manga.
Jumatano

Nimesoma kwamba sungura haugui hadharani.
Akiinama tu, mwewe keshamwona.
Basi hutafuna pasipo kitu mdomoni, huinua masikio,
huwaambia walimwengu wote: nzuri.

Naijua hiyo nzuri.
Kwetu hata msiba huingia nayo:
Habari za huko? Nzuri. Za watoto? Nzuri.
Ila tu, jana tumemzika baba.
Hiyo ila ndiyo mlango, na nyuma yake kuna nyumba nzima.
Karani hana ila.

Mama alipiga Jumapili. Umekula? Nimekula.
Kinachokwaruza hapo ni nini? Sungura.
Akacheka mpaka mtandao ukakatika, akapiga tena:
Wa mchuzi au wa kubanika?
Wa kuangalia, mama.
Akanyamaza. Kuangalia nini?

Na mzee Petrie, kila zamu, kabla sijamfunga vifungo:
Anaendeleaje? Namwambia mzima,
jana ametafuna waya wa pasi, mtundu huyo.
Uongo hautembei bila vitu vidogo vidogo.

Nimesaga chakula chake kwa maji ya uvuguvugu,
nimekivuta kwenye bomba la sindano lisilo na sindano,
nimemfunga kanga yangu ya mwisho isiyochuja,
SISEMI SI KWAMBA SIJUI,
maandishi yakampita shingoni kama tai.
Akakataa. Akakataa.
Nusu kidevuni, nusu mkononi mwangu.
Tone moja akalilamba, au alilamba kidole, sijui.
Nimemsugua tumbo, gumu kama mpira wa ngozi,
kwa viganja hivi vinavyosugua migongo ya watu
ambao watoto wao huja Krismasi.

Januari ya Dundee hukucha saa tatu kasoro.
Dirisha limekuwa rangi ya maji ya mchele.
Nimekaa ukumbini na sare yangu, viatu sijavua,
daftari gotini, safu ya Jumatano tupu.
Simu imelia.
Habari za huko, mwanangu?
Nzuri, mama.
Mate yamenikauka. Nzuri, ila

nyuma ya mlango wa bafu nyasi zimechakacha,
au ni bomba la jirani.
Ila nini? anauliza mama. Mwanangu, ila nini?