Risiti za Bi Skaidrite

Bi Skaidrite wa nambari hamsini na nne
haandiki barua pepe.
Huandika nyuma ya risiti za duka la dawa,
kwa penseli, herufi zimelala kama nyasi baada ya mvua,
akazisukuma chini ya mlango wa ofisi yangu
kabla Riga haijazima taa za barabarani.

"Tarehe nne Novemba. Upepo unaingia
pembe ya dirisha la jikoni, kushoto, chini.
Mwali wa mshumaa umeinama."
"Tarehe kumi na moja. Mwali bado umeinama.
Nawe umekaa tu?"

Nilimjibu kwa muhuri: IMEPOKELEWA.
Muhuri huo nilirithi kwa Zigurds, aliyenitangulia kazini,
pamoja na mashada mawili ya funguo zisizo na milango
na wosia mmoja: mlalamishi huchoka.

Hakuchoka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo isemwavyo.
Lakini jengo letu la ghorofa tisa
lilikuja kwa lori, bamba la saruji juu ya bamba,
ukuta ukazaliwa na ufa wake, kama mtoto na kitovu.
Maji ya moto hutoka mtambo wa jiji, ng'ambo ya reli,
hupita chini ya lami, hupanda mabombani,
hugusa rejeta ya ukutani mara moja,
kisha joto hutoka nje kuwapasha kunguru.
Kunguru wakanenepa. Watu wakalipa.

Januari, pampu ikafa.
Digrii kumi na tisa chini ya sifuri,
fundi yuko Jelgava, gari lake limegoma.
Nilipanda ngazi na mablanketi, mlango kwa mlango.
Kwa Bi Skaidrite nilikaribishwa kiti
jikoni, kushoto, chini ya dirisha.
Akawasha mshumaa. Hakusema neno.
Baada ya dakika ishirini sikio langu la kushoto
lilijua yote ambayo muhuri haukuyajua.

Usiku ule nilimwaga kasha:
risiti mia mbili na kumi na sita.
Nikazipanga sakafuni, ghorofa juu ya ghorofa,
maana aliwaandikia na wenzake.
"Kwa Rimma chumba kimeota ukungu."
"Taa ya ngazi ya saba huwaka mchana kutwa. Inamsubiri nani?"
"Bomba la chini hulia usiku. Nenda ukalisikilize."
Jengo zima likainuka mbele yangu
kwa bei za vidonge vya presha na matone ya macho,
na kila tundu lina tarehe yake.

Mkutanoni sikupeleka grafu.
Nilibandika risiti ukutani.
Imants wa nambari tisa akauliza mkopo ni wa miaka mingapi.
Kumi na tano.
"Nitakuwa nimekufa."
"Basi mwanao atarithi kunguru," Rimma akamjibu.
Kura thelathini na saba kwa thelathini na tatu.
Hadi leo Imants hunisalimu kwa kidevu.

Ikaja pamba ya mawe, unene wa shubiri,
jukwaa la mafundi, vumbi ndani ya chai kiangazi kizima.
Mbayuwayu walipoteza viota vinne;
hilo sikulipangia. Nimetundika visanduku,
wamehamia kimoja.
Bili ya Februari ilishuka karibu nusu.
Theluji sasa hukaa juu ya paa bila kuyeyuka,
nami huitazama kama mtu anayehesabu akiba.

Muhuri? Upo, chini ya mguu wa meza inayoyumba.

Leo asubuhi, risiti mlangoni:
"Tarehe mbili Machi. Joto limezidi.
Maua yangu yanadhani ni Juni.
Koki ya rejeta haizunguki."

Chai yangu haijafika nusu.
Nachukua spana, napanda.