Mizinga Kumi na Miwili

Guta la mjomba Mihambo lilitupakia Sikonge alfajiri:
mama, mdogo wangu Sizya, mimi, galoni nne tupu,
na Mwalimu Chizuru juu ya gunia la pumba,
ameishika kofia yake kama mtu aliyeshika kifaranga.
Baba alitangulia tangu jana kwa baiskeli.
Nyuki hawangoji wageni.

Barabara ni mchanga, kisha makorongo,
kisha si barabara tena, ni makubaliano tu
kati ya miyombo na watu wanaopita.
Mwalimu alihesabu madaraja mpaka yakaisha,
akaanza kuhesabu vichuguu.
Anafundisha hisabati. Hawezi kuacha kitu bila namba.

Kwa bibi tulishuka kusalimia.
Bibi akapiga goti na makofi; mgeni akainama
mpaka kofia ikaanguka. Bibi akashuka zaidi. Mgeni naye.
Wangefika udongoni wote wawili
kama mama asingesema uji unapoa.
Hata herufi walibadilishana:
mimi nikawa Karunde, yeye akawa Chizulu,
na hakuna aliyedai yake.

Katikati yao nilisimama mimi, kidato cha pili,
daraja la mti mmoja:
Kinyamwezi kikipita kwenda, Kiswahili kikipita kurudi,
na mimi nikichagua nani avuke.

Porini tulimkuta baba ameketi.
Hapo hapo nikajua. Siku ya kurina baba haketi.
Mizinga ya magome, kumi na miwili;
mitano ilikuwa chini, imepasuliwa,
kifuniko huku, tumbo kule,
na kucha za nyegere zimepita humo bila haraka.
Nyuki wachache walitembea juu ya nta
kama watu waliorudi safari wakakuta nyumba imehama.

Baba akasema. Kinyamwezi kirefu, sauti ya chini,
akiviangalia viatu vya Mwalimu.
"Anasemaje?"
"Anasema karibu sana.
Anasema mwaka huu miti ilichanua vizuri."

Lakini ndani ya maneno ya baba mlikuwa na "bweni."
Kwa lugha yetu neno hilo hatuna, tunaliazima.
Lilikaa pale peke yake, kijiwe ndani ya wali,
nami nikaliona jino la Mwalimu likikutana nacho.

Hakuuliza.
Baba akapanda tena, akashuka na sega moja,
akalitandika juu ya jani, akampa lote.
Akala mpaka nta. Akameza.
Sizya akacheka hadi akajikalia chini,
na bibi, aliyekuja nasi amebeba chumvi ambayo hakuna aliyeiulizia,
akatoa nta yake mdomoni, akamwonyesha: hii hutemwa.

Jioni galoni moja ilikuwa na asali
kina cha pingili mbili za kidole.
Tatu zilirudi zikigongana njia nzima.

Jumatatu, ubaoni, kwa mwandiko wake ulionyooka:
*Mrina asali ana mizinga 12. Mnyama amevunja 5.
Tafuta asilimia iliyobaki.*
Darasa likapiga kelele, nyegere! nyegere!
Mimi nikanyoosha mkono.
"Hamsini na nane nukta tatu, Mwalimu.
Lakini katika ile saba
mmoja haujawahi kuingia nyuki. Msimu wa pili huu."

Akanitazama. Akafuta kwa kiganja, si kwa dasta.
Akaandika sita. Akaandika nusu.
Chaki ikabaki kwenye mkono wa blauzi yake.

Kengele ilipolia akanisubiri mlangoni,
na kwa Kiswahili chake kinachopiga pasi kila silabi:
"Karunde. Jumamosi. Baba arisemaje?"

Nikashusha begi.
Nikaanza upya, toka neno la kwanza.