Kengele ya Sufuria

Saa mbili, Pasua yote kimya,
Baba anagonga sufuria kwa mwiko.
Tunaingia darasani kwa mlango uleule
tuliotokea kunywa uji.

Aikande yuko la sita, mimi la tatu,
Kiwia hana darasa, ana kamasi
na kiti cha mbele.

Ubao ni mlango wa kabati, chaki ni muhogo mkavu.
Hesabu za sehemu Baba anaziruka;
mizigo anaijua:
"Kilo ishirini kila mpagazi. Tani moja, watu wangapi?"
"Wageni wenyewe wako wapi?" Aikande anauliza.
Baba anafuta ubao kwa kiwiko.

Buti zake za mlimani ziko uvunguni tangu Machi.
Kuku ametagia ya kushoto.
Sayansi ya Jumatano ikawa hiyo.

Mama akirudi Mbuyuni hatumkimbilii:
kwanza ndoo, sabuni, barakoa ya kitenge kwenye kamba,
ndipo asahihishe madaftari
kwa kalamu ya madeni ya nyanya.

Usiku niliamka kwenda chooni.
Jikoni, Baba, taa ya kupandia mlima kichwani,
kitabu cha Aikande magotini,
nusu jumlisha theluthi,
anafuta, anaanza upya,
midomo ikihesabu bila sauti.

Nilirudi kitandani bila kukojoa.